Uliza Ujibiwe: Shanga, Vyungu na Ngao za Wazulu

Toleo lililopita lilikuwa na picha ya chungu cheusi cha Kizulu kutoka bonde la mto Thukela, katika jimbo la KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini, na chini yake maelezo ya mistari mitatu tu. Wasomaji wengi wametuandikia wakitaka kujua zaidi, si kuhusu chungu hicho pekee bali kuhusu kazi za mikono za Wazulu kwa jumla. Ukurasa wote wa safari hii tumewaachia wao.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mwalimu wa sanaa katika shule ya sekondari hapa Morogoro. Wanafunzi wangu wamesikia kwamba wasichana wa Kizulu huandika barua za mapenzi kwa shanga, na kwamba kila rangi ina maana yake. Naomba unipatie jedwali la rangi na maana zake nilibandike darasani.

JIBU: Mwalimu, jedwali la namna hiyo lipo, na limechapishwa mara nyingi kwenye vikaratasi vinavyouzwa pamoja na mikufu huko Durban, lakini nakusihi usilibandike ukutani kabla wanafunzi hawajaelewa limetoka wapi na linaacha nini nje.

Ni kweli kwamba rangi zinasemwa kuwa na maana, na nyingi kati yake zina pande mbili. Nyeupe, ambayo kwa kawaida haina upande mbaya, ni upendo na usafi wa moyo. Nyekundu inaweza kuwa mapenzi yanayowaka, na inaweza pia kuwa macho yaliyovimba kwa kulia na kumngojea mtu. Buluu humkumbusha mpokeaji njiwa, ambaye msichana angetamani kuwa yeye ili aruke hadi kwa mpenzi wake. Kijani ni majani mabichi, lakini pia ni mwili uliokonda kwa kumkosa mwenzi. Nyeusi ikikaa pamoja na nyeupe huashiria ndoa, kwa sababu sketi ya ngozi ya ng'ombe inayovaliwa na mwanamke aliyeolewa, isidwaba, hupakwa masizi na mafuta mpaka ikawa nyeusi. Ikitawala peke yake, nyeusi huweza kuwa huzuni.

Sasa chukua jedwali hilo ulipeleke Msinga, katika bonde la Thukela, uone litakavyokwama. Huko shanga zilipangwa kwa makundi ya rangi yaliyokubaliwa, kila kundi likiwa na jina lake. Kundi liitwalo isishunka lina nyeupe, buluu hafifu, kijani kilichokolea, manjano hafifu, waridi, nyekundu na nyeusi. Kundi la umzansi lina rangi nne tu, nazo ni nyeupe, buluu iliyokolea, kijani cha majani na nyekundu. Anayeijua Msinga, akiona mpangilio huo, husoma kwanza mvaaji ametoka wapi, ni wa rika gani na ameoa au bado, na habari za njiwa na macho mekundu huja baadaye, kama zipo kabisa.

Kwa msomaji wa pwani mfano wa karibu ni kanga. Jina lililochapwa kwenye kanga ni lile lile dukani na nyumbani, lakini maana yake hukamilika pale unapojua nani amempa nani, siku gani, na kuna nini kati yao. Kipande cha shanga kiitwacho incwadi, yaani barua, kiko vivyo hivyo. Ni mraba mdogo unaoenea katika kiganja, uliofumwa kwa sindano na uzi, shanga baada ya shanga, ukaning'inizwa kwenye kamba ya shanga ili ukae kifuani mwa kijana. Aliyeufuma ni msichana, aliyefunzwa na dada zake wakubwa, na mara nyingi kijana aliyepewa aliwauliza dada zake mwenyewe ameambiwa nini. Uchumba wenyewe ulisimamiwa na wasichana wakubwa waitwao amaqhikiza, ambao bila ridhaa yao msichana hakuruhusiwa kumtumia kijana ule mkufu wa shanga nyeupe, ucu, unaotangaza kwamba amemchagua. Vijana walipoanza kwenda kufanya kazi katika migodi ya Johannesburg na bandari ya Durban, vipande hivyo viliwafuata huko, na kijana aliyevaa vingi alijulikana kuwa anapendwa na wengi.

Waambie pia wanafunzi kwamba shanga zenyewe hazikutengenezwa Uzuluni. Kabla ya shanga za kioo watu walitunga mbegu, mifupa, vipande vya ganda la yai la mbuni na udongo uliochomwa. Shanga za kioo, nyingi zikiwa za Venice na baadaye za Bohemia, ziliingia kwa biashara ya Wareno kupitia ghuba ya Delagoa, iliko Maputo leo, na baada ya mwaka 1824 kupitia Waingereza waliotia nanga Port Natal, ambayo sasa ni Durban. Mfalme Shaka wa Wazulu, na baada yake Dingane aliyetawala kuanzia 1828 hadi 1840, walizishika shanga hizo mikononi mwao: aina nyingine hazikuvaliwa na mtu isipokuwa kwa idhini ya mfalme. Ufalme uliposhindwa na Waingereza mwaka 1879, na maduka ya wafanyabiashara yakaenea mashambani, ndipo shanga zilipomfikia kila msichana, na kila wilaya ikajijengea mtindo wake. Kwa hiyo ile barua ya mapenzi inayosifiwa kuwa ya kale sana, kwa kiasi kikubwa ni zao la miaka ya baada ya vita.

Badala ya jedwali, ningewapa wanafunzi kazi ya kubuni kipande cha shanga kwa ajili ya mtu mmoja wanayemfahamu, kisha waandike ni nani mwingine anayestahili kukielewa.

SWALI: Katika picha za harusi za Wazulu huwaona wanawake wamevaa kofia nyekundu pana kama sinia. Je, kila mwanamke anaruhusiwa kuivaa? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Kwa desturi hapana. Kofia hiyo, isicholo, ni ya mwanamke aliyeolewa, na kuivaa ni sehemu ya ukuhlonipha, yaani heshima ambayo mke huwapa wakwe zake, hasa baba mkwe, kwa kufunika kichwa na kuchunga maneno. Katika karne ya 19 haikuwa kofia. Ilikuwa nywele zake mwenyewe, zilizosukwa pamoja na nyuzi, zikasimamishwa utosini na kupakwa ngeu na mafuta. Baadaye zikawa kitu cha kuvua na kuvaa, kikajengwa juu ya umbo la kusuka na kuvikwa nyuzi nyekundu. Umbo hubadilika kutoka wilaya hadi wilaya, na ile pana kama sinia uliyoiona ndiyo inayofahamika sana Msinga. Siku hizi wasanii na wanamitindo huivaa jukwaani, lakini mashambani bado kuna wazee wasiopendezwa kuiona juu ya kichwa cha msichana.

SWALI: Assalamu alaykum. Nimeiona ile picha ya chungu cheusi. Kwetu Lamu chungu huwa cheusi kwa moshi wa kuni. Nyinyi mmeandika kwamba Wazulu hukitia weusi kwa makusudi. Kwa nini? Na tuseme kweli, chombo cha pombe kina utamaduni gani wa kuhifadhiwa?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam. Maswali yako mawili yana jibu moja, nami nitalifikia kupitia kazi ya mfinyanzi.

Ufinyanzi kwa Wazulu ni kazi ya wanawake. Mfinyanzi huchimba udongo, huukausha, huusaga, huutia maji na kuukanda. Hana gurudumu. Huanza na kitako, kisha huviringisha kamba za udongo na kuzipandisha moja juu ya nyingine, akilainisha maungio kwa gae la kibuyu, mpaka tumbo la chungu litanuke na kurudi ndani kwenye mdomo bila shingo. Udongo ukiwa bado haujakauka sawasawa ndipo hutia mapambo, ama kwa kuchora mistari kwa kitu chenye ncha, ama kwa kubandika vinundu vidogo vya udongo vilivyopangwa kwa safu, viitwavyo amasumpa. Chungu kikikauka husuguliwa kwa kokoto laini, kisha huchomwa shimoni kwa kuni, nyasi, mishubiri iliyokauka au samadi. Kikitoka hapo kina rangi ya udongo uliochomwa, chenye mabaka ya moshi. Chungu cha kupikia pombe, imbiza, ambacho ni kikubwa na hukaa mahali pamoja, kwa kawaida huishia hapo.

Lakini chungu cha kunywea, ukhamba, hurudishwa motoni mara ya pili, safari hii katika moshi mzito wa majani makavu, mpaka masizi yaingie katika ngozi yake. Kisha hupakwa mafuta ya mnyama na kusuguliwa tena. Ukikishika mkononi utashangaa jinsi kilivyo chepesi kwa ukubwa wake, na vidole vyako vitatambua vile vinundu kabla macho hayajavitafuta: vinazuia chungu chenye mafuta kisiteleze kinapopokezanwa.

Sasa, kwa nini weusi? Ndani ya nyumba ya jadi ya Wazulu, ile ya mviringo iliyoezekwa nyasi, upande wa nyuma mkabala na mlango kuna mahali paitwapo umsamo. Hapo pana giza, na hapo ndipo wanapokaa amadlozi, yaani wahenga wa ukoo. Familia inapotaka kuwaarifu wahenga jambo, iwe harusi, kuzaliwa kwa mtoto au kuirudisha nyumbani roho ya marehemu, hupika utshwala, pombe nzito ya mtama, na chungu kimoja huwekwa umsamo usiku kucha kwa ajili yao. Wazulu wenyewe hueleza kwamba wahenga wanapenda giza na ubaridi, na kwamba chungu cheusi kinawafaa. Weusi basi ni adabu kwa wageni wasioonekana.

Wageni wanaoonekana nao wana adabu zao. Pombe huchujwa kwa isikhetho, kichujio cha kusuka kinachofanana na kifumbu cha kuchujia tui, na chungu hufunikwa kwa imbenge, kifuniko kidogo cha kusuka. Mwenyeji huonja kwanza mbele ya watu ili wote waone ni salama. Wanaume huvua kofia na hunywa wakiwa wameketi, na chungu kimoja huzunguka toka mkono hadi mkono. Naelewa vizuri kwamba Mwislamu wa Lamu hatainywa pombe hiyo, wala simshawishi mtu kuinywa. Lakini anayekiita chungu hiki chombo cha ulevi amekiona nusu, kwa maana kazi yake kubwa ni kuwakutanisha watu wa ukoo mmoja, walio hai na waliokufa, na utshwala wa jadi una kilevi kidogo.

Chungu cha picha yetu kinatoka eneo la Oyaya, katika bonde hilo la Thukela, alikoishi mfinyanzi Nesta Nala. Alifundishwa na mama yake, Siphiwe Nala, naye akawafundisha binti zake, na kazi zake zimeingia katika makumbusho ya Afrika Kusini na ya ng'ambo. Alifariki mwaka 2005. Vyungu alivyowauzia watu wa majumba ya sanaa na vile alivyowafinyangia majirani kwa ajili ya sherehe vilitoka katika udongo ule ule na mikono ile ile, na kwangu mimi jambo hilo ni kubwa kuliko tuzo yoyote.

SWALI: Mimi ni msukaji wa mikeka na vikapu, Tanga. Nasikia vikapu vya Kizulu vinahifadhi pombe bila kuvuja. Nimesuka tangu utotoni na sijaona kikapu kisichovuja. Wanatumia nini?

JIBU: Bibi, wanatumia kitu unachokifahamu. Jani lao ni ilala, la ule mmea wa jamii ya mitende ambao pwani yetu tunauita mlala au mkoche, unaomea kwa wingi kaskazini mwa KwaZulu-Natal kuelekea mpaka wa Msumbiji. Huko pia mti huo hugemwa tembo, na anayekata majani hulazimika kuchukua machanga machache na kuuacha moyo wa mti salama.

Tofauti iko katika namna ya kusuka. Wewe husuka ukili, kisha ukaushona. Wao huchukua kishungi cha nyasi ngumu, hukizungushia ukanda wa ilala, na kukipandisha mzunguko juu ya mzunguko, kila mzunguko ukishonwa kwenye ule wa chini kwa kutoboa tundu kwa shazia na kuupitisha ukanda ndani yake ukiwa umelowa. Mishono hubanana kiasi kwamba nyasi za ndani hazionekani kabisa. Kikapu kikitiwa pombe, nyuzi hunywa maji, huvimba na kuziba matundu yaliyobaki. Chenye umbo la chupa kwa ajili ya pombe huitwa isichumo. Kikubwa chenye tumbo na kifuniko, ambacho kinaweza kumchukua msukaji miezi kadhaa, huitwa unyazi. Rangi za kahawia na nyeusi hutokana na kuchemsha majani pamoja na mizizi na magome, na mizizi ya mti uitwao isizimane ndiyo inayotajwa zaidi.

Huenda litakushangaza kwamba zamani kazi hii ilikuwa ya wanaume. Ndoo za bati na vyombo vya plastiki vilipoenea, kufikia miaka ya 1960 walikuwa wamebaki wazee wachache tu wanaoijua. Mmisionari wa Kilutheri kutoka Sweden, Kjell Löfroth, pamoja na mkewe Bertha, walianzisha chama cha Vukani huko Eshowe mwaka 1972, wakawatafuta wazee hao na kuwapatia wanafunzi, na wengi wa waliojifunza walikuwa wanawake. Hlabisa, eneo jingine la KwaZulu-Natal, ikawa kitovu cha usukaji. Kutoka huko alitoka Reuben Ndwandwe, mwanamume aliyesuka kwa mishono myembamba ambayo wengi bado wanaitumia kama kipimo.

Utaambiwa na wauzaji kwamba pembetatu kwenye kikapu ni mwanamume na umbo la almasi ni mwanamke. Baadhi ya wasukaji husema hivyo na wengine husuka pembetatu kwa sababu zinakaa vizuri juu ya mviringo, kama wewe unavyojua ukitia rangi kwenye mkeka.

SWALI: Marehemu babu yangu alituachia ngao ya ngozi ya ng'ombe, na husemwa Wangoni tulitoka kwa Shaka. Je, hiyo ni ngao ya Kizulu? (Msomaji, Songea)

JIBU: Pole kwa msiba wa babu. Ngao yake ni ya Kingoni, na ina undugu na ya Kizulu, lakini habari ya kutoka kwa Shaka inahitaji kunyooshwa kidogo. Zwangendaba, kiongozi wa Wangoni, wa ukoo wa Jere, alikuwa upande wa Wandwandwe, mahasimu wa Wazulu, ambao Shaka aliwashinda karibu na mwaka 1819. Aliondoka kwa kumkimbia Shaka, hakutumwa naye. Watu wake waliuvuka mto Zambezi mwezi Novemba 1835, siku ya kupatwa kwa jua, wakafika hadi Ufipa, ambako alifariki katika miaka ya 1840, na baada ya kifo chake wakagawanyika. Njiani walichukua watu wa makabila mengi, na waliofika Songea walikuwa taifa jipya lenye silaha na desturi za kusini.

Kwa Wazulu, ngao kubwa ya vita, isihlangu, haikuwa mali ya askari. Ng'ombe walikuwa wa mfalme, ngozi ilikuwa ya mfalme, na ngao zilihifadhiwa katika vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ili panya wasizile, zikatolewa wakati wa vita. Rangi ya ngozi ilitambulisha kikosi: vijana walibeba za rangi iliyokolea, na waliokwisha kuruhusiwa kuoa walibeba zenye weupe mwingi zaidi. Katika miaka ya 1850 Cetshwayo, mwana wa mfalme, alileta iliyo ndogo na nyepesi, umbumbuluzo, na aina zote mbili zilionekana katika mapigano na Waingereza huko Isandlwana tarehe 22 Januari 1879. Ndogo zaidi, ihawu, ni ya mtu binafsi, na ndiyo inayochezewa ngoma harusini hadi leo.

Itazame ngao ya babu katikati. Kwenye ngao ya Kizulu utaona safu mbili za matundu marefu yaliyopitishwa vipande vya ngozi ya rangi nyingine, amagabelo, ambavyo huishika fimbo ya nyuma. Ipige picha mbele na nyuma, andika yote ambayo wazee wa nyumbani wanakumbuka juu yake, kisha uipeleke picha hiyo kwenye Makumbusho ya Majimaji hapo hapo Songea. Usiipake rangi wala vanishi.

SWALI: Nimeletewa bakuli la Kizulu lililosukwa kwa nyaya za simu. Rafiki yangu anasema huo si utamaduni, ni mapambo ya watalii. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Rafiki yako amekosea. Walinzi wa usiku katika miji ya Afrika Kusini walikuwa wakizungushia nyaya kwenye fimbo zao ili kupitisha saa, na nyaya za simu zenye plastiki za rangi zilipopatikana, wakazitumia kusuka imbenge, kile kifuniko cha chungu cha pombe nilichokitaja hapo juu, wakiwapelekea jamaa zao mashambani. Elliot Mkhize, aliyekuwa mlinzi, ni miongoni mwa mafundi waliolikuza umbo hilo likawa sahani na bakuli. Watalii walikuja baadaye, wakaongeza ukubwa na bei. Vipuli vya masikioni vya Msinga, iziqhaza, vilivyokuwa vya mbao, pembe na meno ya tembo, navyo vilianza kupambwa kwa vipande vya vigae vya plastiki vya sakafuni, na wazee walivivaa kwa fahari. Ukitaka kuhakikisha, lifunikize bakuli lako juu ya mdomo wa chungu kinacholingana nalo, utaona umbo lake linakaa.

SWALI: Nitakwenda Durban kikazi. Nikitaka kuona na kununua vitu vya kweli nifanye nini? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Ukipata siku moja ya ziada, panda gari hadi Eshowe, kaskazini mwa Durban, ukaone vikapu na vyungu katika Jumba la Makumbusho la Vukani, lililo ndani ya eneo la ngome ya Nongqayi. Ukishaona vilivyo bora, macho yako yatachagua vyema sokoni. Huko Durban kwenyewe kituo cha sanaa, African Art Centre, kilianzishwa mwaka 1959, na kuna wanawake wanaouza shanga ufukweni. Ukikutana na mazulia ya ukutani au picha za kuchapa kutoka Rorke's Drift, fahamu kwamba hizo ni kazi za kituo kilichoanzishwa na Walutheri wa Sweden miaka ya 1960. Ni sanaa nzuri sana, ila hazikutokana na vyombo vya nyumbani vya zamani.

Kwa ununuzi, muulize muuzaji jina la aliyetengeneza na kijiji chake. Akilijua, bei yake kwa kawaida ina haki. Geuza chungu utazame kitako, na upitishe kidole ndani ya mdomo, kwa sababu masizi ya kweli hayaachi rangi mkononi, lakini rangi ya kiatu huacha. Chungu kifungie ndani ya nguo zako, ukibebe ndani ya ndege, na ukifika nyumbani usikioshe kwa sabuni.